Nusu ya Nywele za Hamisi

Bagamoyo

Kwa dada yangu Mwanaisha, uliyenilea, huko Kilwa.

Shikamoo dada. Pokea na ya wifi yako Zainabu. Kifua chako kinaendeleaje? Na shemeji, mguu umepona? Desturi inataka niandike kwamba sisi huku wazima, wasiwasi ni wenu tu. Nimeianza barua hii mara tatu kwa maneno hayo, na mara tatu nimeichana. Sisi si wazima, dada. Mtoto amekufa.

Barua yako imenifika juzi. Umefurahi kwamba tumempa jina la baba, Hamisi, umeuliza kama wembe wa baba umefanya kazi yake, na umeomba nikuletee nywele za siku ya saba, maana wewe ndiye shangazi na ni haki yako. Basi nisikilize, na unisamehe ukiweza.

Nilipoondoka nyumbani uliufunga wembe ule wa kukunja katika kitambaa, ukaniambia, "Wanao wasinyolewe kwa mwingine." Miaka tisa Zainabu hakushika mimba, wembe ukakaa kashani. Alipojifungua nikautoa. Wadudu walikuwa wameutafuna mpini wa pembe, na chuma kimeliwa na kutu hata haukunjiki.

Vinyozi wanaojua vyuma wapo tele mjini hapa. Lakini mimi seremala mwenye kichwa kigumu nilisema kazi hii ni ya mwanangu, haiguswi na mtu. Mabaki ya pembe yaling'ang'ania, nikauweka wembe juu ya makaa yaungue yatoke. Yakatoka. Chuma kikageuka rangi ya samawati, nami, mjinga, nikaona kimependeza. Kutu nikaisugua kwa ndimu na majivu, nikaupaka mafuta ya nazi. Kisha nikapata kipande cha mpingo kwa watu wa Mkange, nikakipasua vibao viwili vyembamba, nikavichonga siku tatu nzima. Nikavifunga kwa misumari midogo ya shaba, na juu yake nikachora lile ua la mlango wetu wa Kilwa. Dada, sijapata kuchonga kitu kizuri kama kile. Majirani walikuja kukishika. Nilijisifu, nisikufiche.

Siku ya saba wazee wakakaa barazani, mama mkwe akampakata mtoto. Nikataka nimnyoe kwa mkono wangu mwenyewe. Nywele za kwanza zilikatika, halafu wembe ukaanza kuvuta. Moto ulikuwa umekwisha kukilegeza chuma, makali hayakai hata ukiunoa vipi. Hayo nimeyajua baadaye, kinyozi aliponieleza. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka.

Mzee Shomari, jirani yetu, akasema, "Mwanangu, wembe huo haunyoi, unang'oa. Tuma mtu kwa kinyozi."

Nikamjibu, "Mzee wangu, huu ndio ulioninyoa mimi na ukoo wetu mzima."

Nikakaza mkono. Ukamkata juu ya sikio.

Zainabu alimnyakua kwa mama yake. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umenyolewa, upande mmoja bado. Mama mkwe akanisihi kinyozi aje amalizie, maana si vizuri mtoto kuachwa hivyo. Nikakataa. Nilisema nitaunoa upya, kesho nimalize mwenyewe. Wazee wakala wali wao, wakaenda zao.

Kesho yake akaacha kunyonya. Taya zikafunga, mwili ukakakamaa kama ubao. Siku ya kumi tukamzika.

Watu wote wananiambia ni degedege, ni amri ya Mungu, nisijitie wazimu. Huenda wanasema kweli. Lakini mkono uliokaza ni wangu, na mdomo uliokataa kinyozi ni wangu. Zainabu hanilaumu. Ananitengea chakula, halafu anageukia ukutani. Heri angenitukana. Kazini siendi, nikishika patasi naiweka tena chini, na mlango wa tajiri mmoja umebaki umelala uani bila kumalizika. Sioni kwa nini niumalize. Sioni kwa nini nifanye lolote, dada.

Wewe usijilaumu kwa kunipa wembe. Ulinipa kitu kizima. Wembe uko hapa mbele yangu ninapoandika, na mpini wake unang'aa.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo anayekusaidia kupika. Mjomba aliyenifundisha useremala mwambie mwenyewe habari hii, polepole, maana alikuwa akimsubiri mjukuu. Usimpe barua aisome.

Anayekuletea barua hii ni mtu mwaminifu, muuza utomvu wa sandarusi wa kwetu huko. Nimempa na kitambaa, kile kile ulichofungia wembe. Ndani mna nywele ulizoomba. Usizione chache, dada. Zilizobaki nimemzika nazo.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani