Mbegu za Ngitili

Kabula mjukuu wangu, mwangaluka. Huku Migato tu wazima. Mama yako amevuna choroko, mjomba wako bado anagombana na pampu.

Ni kweli, tunaacha kumwagilia shamba la mpunga. Kisima kimechoka, tunalifunga liwe ngitili, liote majani ya mifugo. Umeuliza utununulie mbegu gani huko Morogoro. Subiri kwanza.

Nilipokuwa msichana, baba alizungushia miiba shamba lake la pamba ili liote majani. Mvua ikanyesha, yakaota magugu matupu. Ila nje ya miiba, pale ng'ombe walipokuwa wakilala, majani mazuri yalijaa! Nikamuuliza baba kwa nini. Akachokonoa samadi kwa fimbo, akainama, akaona mbegu za majani ndani yake, akacheka peke yake. "Kumbe wapandaji nimewafungia nje," akasema. Jioni ile ng'ombe walilala ndani.

Basi mwezi uliopita niliwakaribisha ng'ombe wa jirani walale shambani kwetu. Sasa kando ya mfereji kumechipua jani nisilolijua, na jirani halijui. Nimelizungushia miiba. Wahi likizo tulitazame wote, maana ng'ombe wameshaanza kulinusa.

Bibi yako anayekungoja.