Nani Alichagua Nzi wa Mwaka Jana

Alhamisi, mwisho wa Januari. Mbumbuni kuna jua kali na vumbi la ndengu, maana majirani wote wanapura. Mimi nimekaa hapa dirishani tangu asubuhi, na moyo wangu ni mzito.

Kama wewe ni mgeni kwenye blogu hii, kazi yangu ni kutengeneza nzi wa bandia. Ndoano ndogo, uzi, manyoya ya sungura, manyoya ya shingo ya jogoo. Unafunga na kufunga mpaka kitu kifanane na mdudu, halafu mzungu fulani huko mbali anakitupa mtoni kuvulia samaki anayeitwa trauti. Nilijifunza kazi hii Nairobi nikiwa kijana, nikarudi nayo nyumbani, nikamfundisha mke wangu Kalekye. Trauti mwenyewe sijawahi kumwona ila kwa picha. Hapa kwetu hata tilapia wako watu wanaomla kwa wasiwasi.

Lakini anachokula trauti nakijua, na hiyo ndiyo imekuwa fahari yangu. Kila mwaka wakati kama huu, mwenye duka mmoja ng'ambo huniandikia nimchagulie nzi sita wa mwanzo wa machipuko, wa trauti wa kahawia. Wakati huo mto wao umejaa maji baridi. Samaki amekaa chini, amekuwa mvivu, hapandi juu kufuata chochote. Kwa hiyo unampelekea mdudu mzito wa kuzama, yule mchanga ambaye hajaota mabawa, mwenye ushanga wa shaba kichwani. Rangi ziwe za giza: nyeusi, kahawia, kijani kizito. Mmoja tu awe na mng'ao kidogo, kwa ajili ya siku maji yakichafuka. Wavuvi wengi hupenda nzi wanaometameta kwa sababu wanawapendeza wao wenyewe. Samaki haingii dukani.

Mwaka jana aliniandikia kwamba sijawahi kumchagulia vizuri namna ile, na akamsifu hasa nzi mmoja mweusi mwenye kichwa kidogo. Nilimsomea Kalekye barua yote mezani. Jumapili nikawasimulia wazee wa kanisa. Kalekye alisema, "Hongera, Baba Mutheu."

Kuna jambo sikumwambia. Mwezi wa nane nilisema naenda mjini Wote kutafuta uzi. Nilienda kwa daktari wa macho. Alisema ni presha ya macho, jicho la kushoto limekwisha, la kulia dawa italilinda kiasi, na kilichopotea hakirudi. Dawa naificha ndani ya mkebe wa manyoya. Vidole vyangu bado vinafunga vizuri. Ila nyeusi, kahawia na kijani kizito, kwangu zimekuwa rangi moja.

Leo asubuhi nilitaka kujua nilichagua nini mwaka jana, ili nirudie vilevile. Mwenye duka alikuwa amenitumia picha ya kisanduku alichowapanga wale sita. Nikaifungua kwa simu, nikaikuza mpaka nzi mmoja akajaza kioo chote. Nikamtazama wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita.

Wawili hawakuwa wangu.

Rangi sikuziona vizuri, lakini vichwa niliviona. Kichwa, yaani pale uzi unapomalizikia nyuma ya ushanga, mimi hukiacha kinene. Kalekye hukaza uzi zaidi, kichwa chake hutoka kidogo na safi. Naujua mkono wake kama mwandiko. Na mmoja wa wale wawili ndiye aliyesifiwa kwenye barua.

Nikamwita kutoka uani alikokuwa anapepeta ndengu, nikamwonyesha simu. Hakujifanya hajui.

"Ulikuwa umeweka green tatu," akasema. "Ukaniambia hii ni black, hii ni brown. Sasa ningefanya aje? Nilitoa mbili nikaweka zangu."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa umefurahi sana. Na wewe je, uliniambia mambo ya macho? Hiyo dawa naionanga kwa mkebe tangu September."

Nilikasirika. Niandike ukweli: sikukasirikia macho, wala siri yake. Nilikasirika kwamba mkono wake umekuwa mzuri kuliko wangu. Nikamwambia arudi kwa ndengu zake. Akarudi uani kupepeta.

Saa tisa alikuja tena. Aliweka karatasi nyeupe mezani, akapanga juu yake nzi sita, akanitajia rangi ya kila mmoja na kuningoja niwaguse. Nilitafuta kosa kwa muda mrefu. Singebadilisha hata mmoja.

Kisha nikamwandikia mwenye duka. Niliandika kwamba aliyechagua mwaka huu ni mke wangu, anaitwa Kalekye, na kwamba yule mweusi wa mwaka jana pia ni wake. Nikakuza herufi, nikaisoma barua. Nikaifuta. Nikaandika, "Nimekuchagulia hawa sita," nikatuma.

Kalekye ameniuliza kama barua imeenda. Nimesema imeenda. Hakuuliza inasema nini.

Nimeishi naye miaka mingi na sikumbuki siku nyingine niliyojichukia hivi.

Siku hizi herufi ndogo zinanishinda, kwa hiyo yeye ndiye hunisomea kwa sauti kila ninachoweka hapa, pamoja na maoni yenu. Kesho baada ya chai atachukua simu, atasoma mpaka afike mahali hapa, nami nitakuwa nimekaa mbele yake nikisikiliza. Sijui kama sauti yake itaendelea.