Maana Uliyonipa Nikaifuta

Dada Mize,

Macho hayaoni vizuri, utanisamehe mwandiko. Naandika "utanisamehe" kana kwamba mwandiko ndio kosa langu kwako.

Tangu tulipokuzika Mangapwani, nyumbani kwako anakaa mjukuu wako Rahma. Ameezeka upya upande wa jikoni. Mimi miguu imekataa. Sishuki ngazi za nyumba hii ya Mji Mkongwe mpaka nishikwe huku na huku. Daktari ananificha kwa adabu, lakini najua siku zangu ni chache.

Unakumbuka nilipokujia na kadi zangu za maneno, wakati ule natunga kamusi ya skuli? Ulikuwa umekalia mbuzi, unakuna nazi. Nikakuuliza, msherehekeaji ni nani? Ulicheka mpaka ukaacha kukuna.

"Weye Hamadi, masomo yote hayo, unakuja kuniuliza mie? Mwenziwo kapata, ukafurahi weye. Basi! Andika, uniache na nazi yangu."

Nikaandika kwa penseli. Na nani angelijua neno lile kuliko wewe? Mtoto akitahiriwa, hujaji akirudi, mwanafunzi akifaulu, wewe ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuosha masufuria.

Kisha nikamwoza binti yangu Salma. Kwetu dada mkubwa hapewi kadi ya mwaliko. Huendewa kwake akaambiwa kwa mdomo, kabla ya watu wote, kwa sababu shughuli ni yake. Mimi sikuja. Nilikodi ukumbi wa hoteli, nikaalika wakubwa wa ofisini na wakwe wenye majina, nikaogopa kanga zako na sauti yako. Kila siku nikajiambia, nitakwenda kesho.

Ukaja bila kuambiwa. Hukuingia. Ulisimama nje ya lango, na gari la bibi arusi lilipofika ukapiga vigelegele, peke yako, vikatufikia hadi ndani. Salma alivisikia garini, vioo vyeusi vimefungwa, hakujua ni vya nani. Mimi nilijua. Mkubwa wangu wa kazi akaniuliza, "Nani huyo?" Nami nikajibu... Dada, nilijibu, "Simjui. Wapo wanawake hawa, hawakosi karamu." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Wewe uliyenibeba mgongoni mama alipofariki.

Wiki ile ile nikaifuta penseli. Badala yake nikaandika kwa wino: mtu apendaye sherehe na anasa. Na mfano wa matumizi: Msherehekeaji yule hakosi karamu hata asipoalikwa. Nilitaka kamusi inishuhudie kwamba sikusema uongo. Ikachapwa, watoto wakakariri.

Siku ya hitma yako Rahma aliniambia kwamba alikusomea kamusi yangu ulipokuwa hai. Wewe mwenyewe ulimwomba akutafutie neno lile kitabuni. Anasema ulisema tu, "Kaandika vizuri. Mdogo wangu msomi huyo." Afadhali ungenitukana.

Mwezi uliopita waliniletea rasimu ya chapa mpya niipitie. Nimeukata mfano ule. Nimeandika: mtu anayefurahia neema ya mwenziwe. Nilijiona nimetua mzigo, kwa muda wa siku mbili hivi. Lakini kukata mstari ni kazi nyepesi, na hakuna aliyejua nimekata nini.

Salma hajui. Mpaka leo anaamini ulikuwa mgonjwa siku ya arusi yake, maana ndivyo nilivyomwambia. Kila akikuombea dua husema, "Masikini shangazi, hakuwahi kuniona nilivyopambwa." Nami huitikia amin. Miaka yote hii, Dada, naitikia amin.

Nasikia anavua viatu mlangoni, ameniletea uji. Nitamwambia leo, kabla sijaonja, nikiwa bado na akili na sauti. Huenda akaliweka bakuli chini akaenda zake, na asirudi. Itakuwa haki yake. Nakuahidi sitapunguza hata neno moja, wala lile la "simjui". Na sitamwambia kwamba naumwa, asije akanihurumia kabla hajamaliza kunisikia.

Mungu akulaze pema, dada yangu. Naweka kalamu. Anaingia.

Mdogo wako,
Hamadi