Majina ya Mawe

Jumanne jioni

Mwanangu Neema ametoka kulitia mdomoni jiwe langu la mazoezi. Nimelichomoa lina mate tele, naye anacheka tu.

Leo kwenye ile ofisi mpya ya wageni wanaotafuta dhahabu nimejaribiwa kazi ya kusoma majina ya mawe. Nikapewa jiwe linalong'aa kama dhahabu, lina kikaratasi cha jina. Nikasema "piriti", kama mume wangu asemavyo huko machimboni Geita. Mzungu akasema "pairaiti". Karani naye, "Siyo, bwana, ni pairiti!" Wakabishana, mimi nimesimama na aibu yangu. Basi nikaligonga lile jiwe, likapukutika. Dhahabu ingebonyea tu.

Karani akacheka. "Dada, liite utakavyo, jiwe unalijua. Kesho saa mbili uanze."

Nikafurahi, halafu nikaogopa. Mama mkwe hataki nitoke hapa mpaka mwanawe arudi. Na asipomshika Neema, nitakwendaje? Leo nilimdanganya kwamba naenda sokoni Mwaloni kununua dagaa, nikambeba mtoto mgongoni.

Nitamwambia ukweli leo, nikishampakulia. Nitapiga magoti, nimsalimu vizuri, kisha—

Mama mkwe ananiita. "Mama Neema! Dagaa wako wapi?"

Sikununua. Sasa nita—