Bi Sahani, Friza Yako Haijazimwa

Mwaka umetimia, dada, tangu moyo wako usimame ghafla ukiwa unafunga kamba za viatu uende kazini maabara. Ni moyo, na tunalisema kwa sauti, maana wapo waliokuja msibani wakanong'onezana: "Kachezea virusi, virusi vimemmaliza." Mama aliwasikia. "Mwanangu hakuwa anacheza," akawaambia. "Kuleni, mnyamaze." Wakala. Mmoja hata akaongeza.

Tulikuita Bi Sahani kwa sababu hukuwa na hadithi isiyo na vile visahani vya plastiki ulivyofugia seli. Unakumbuka ulivyotusomesha saluni kwangu, kichwa kimejaa rola?

"Virusi vikiingia ndani ya seli," ulisema, "seli inajua huyu mgeni hakupiga hodi. Kimeng'enya kimoja kinakigusa kingine, nacho kinagusa cha tatu, mpaka habari inafika chumba cha ndani. Hapo seli inapiga kelele, majirani wafunge milango."

"Dada, hiyo si kinga. Huo ni umbea!"

"Umbea wenye faida, mdogo wangu. Si kama wako."

Saluni nzima ilicheka. Kisha ukatuambia kazi yako hasa: kuna kimeng'enya kingine kinachokuja nyuma kuituliza kelele ile, maana isiponyamaza inaibomoa nyumba kuliko mwizi mwenyewe.

Kule maabara wenzako walipima kelele ikiwa juu, wakatupa visahani, wakaenda zao. Wewe vyako ulivirudisha kwenye joto, ukavipima tena kesho na keshokutwa. Walikucheka: "Bi Sahani anaatamia mayai." Ukawajibu kuwa moto ukiwaka kila mtu ni mtazamaji, ila anayeuzima hatazamwi na mtu.

Ulikuwa na roho nzuri, lakini si roho ya kuonewa. Yule mwenzako wa meza ya jirani, Kimya, alipojifungua ulimwachia zamu zako za mashine, na aliyelalamika ulimwambia akazae yeye.

Ndiyo maana ni Kimya aliyekuja saluni kutuambia kwamba mkuu wa maabara anataka kuisafisha friza yako. Seli zako zote, zile ulizoziondolea kile kimeng'enya cha kutuliza, zimwagwe. Miaka yako iende kwenye ndoo.

Hatukuandika barua, dada. Tulikwenda. Mama, shemeji, kaka na lori lake, mashangazi, na wateja wangu wawili waliokuwa bado na dawa kichwani. Ukumbi ulijaa hadi mkuu akashindwa kutoka ofisini kwake.

"Mama, poleni," alisema, "lakini kazi yenyewe haikukamilika."

"Kwani yeye alikwambia imekamilika?" Mama akamuuliza. "Ingekamilika ingekuwa kwenye friza?"

Mkuu akatazama saa yake. Shangazi mkubwa akavua viatu, akakaa sakafuni, akanyoosha miguu. Hapo mkuu akaelewa kwamba sisi hatuna haraka. Kimya, ambaye hatujawahi kumsikia akipaza sauti, akasema mbele ya wote: "Kazi hii nitaifanya mimi." Friza ikabaki.

Mwezi huu Kimya alizitoa seli zako kwenye barafu. Shemeji hakula siku ile, na mimi nilimkata mteja nywele upande mmoja nikasahau wa pili. Kisha simu ikalia.

"Zimeamka," alisema Kimya. "Zimeshika sahani, zinaongezeka."

Amezipa virusi, akazipima kama ulivyokuwa ukipima wewe, kesho na keshokutwa. Seli za kawaida zimepiga kelele zikanyamaza. Zako, dada, hadi leo hazijanyamaza. Zinapiga kelele vilevile ulivyosema zitapiga. Kimya anarudia kipimo tena, kwa kuwa anajua ungemwambia arudie.

Nasi tunaambiwa mwaka umepita, tutulie. Watulie wao.

Tunaokukumbuka ni mama yako, aliyeiweka picha yako pale kila mgeni lazima aione, mumeo, ambaye hajaviondoa viatu vyako mlangoni, kaka yako wa lori, mashangazi wote, wanangu, waliokuita mama mkubwa na sasa wanagombania koti lako jeupe, Kimya, ambaye sasa ni wa ukoo wetu, apende asipende, na mimi mdogo wako, mwenye umbea usio na faida.

Kukusahau? Thubutu!