Nacheza Gemu la Matunda na Mama Mkwe

Shikamoo Mama Efrazia. Mshauri wetu, naomba msaada wako, na naomba usicheke mpaka ufike mwisho wa barua hii, maana nimeisoma tena mwenyewe nikaona inachekesha, ila anayeumia ni mimi.

Mimi ni fundi simu hapa Lushoto mjini, nina miaka thelathini na mbili, nina watoto wawili na mke ambaye nitamwita Hawa, na majina yote humu nimeyabadili kwa sababu mji wetu ni mdogo. Mbali na ufundi, watu wananijua kwa gemu, na sisemi gemu la kupotezea muda, nasema gemu la vita la mtandaoni linalochezwa kwa vikosi vya watu wanne wanne, kila mtu na simu yake na spika za masikioni, na mimi ndiye nahodha wa kikosi chetu tunachokiita Ukungu. Tumewapiga Korogwe, tumewapiga Muheza, na mwezi ujao tuna mashindano Tanga mjini ambayo wenzangu watatu, Kassimu, Jafari na Rashidi, wameyafanyia mazoezi tangu mvua za vuli, na wote wananisikiliza mimi nikisema ingia, rudi, lala chini.

Chanzo cha matatizo ni kioo. Mwezi wa tatu mama mkwe wangu, Bi Rukia, anayekaa Malindi, hii ya huku huku milimani kwetu, aliangusha simu kikapasuka kioo, akaituma kwa binti yake, Hawa akaniletea mezani nikabadilisha. Ukishabadilisha kioo lazima ujaribu tachi kila pembe, kwa sababu kuna sehemu inaweza kuwa imekufa na mteja akakurudia, na njia rahisi ni kufungua gemu lolote lenye vitu vilivyotapakaa kioo kizima. Simu ya mama ilikuwa na lile gemu la kupanga matunda, ukikutanisha matatu yanayofanana yanapasuka. Nikalifungua, nikakuta amekwama levo ya tisini na sita, nikagusa pembe zote, tachi ikawa nzima, kazi imekwisha, na hapo nilitakiwa nilifunge. Sikulifunga. Niliendelea mpaka mteja akagonga meza kwa funguo, na nilipoinua macho levo ilikuwa imevukwa.

Simu ilirudi Malindi kesho yake, na mimi nikaliweka gemu lile kwenye simu yangu nikijiambia ni la kujaribia tachi. Humo unapewa roho tano, ukishindwa levo roho moja inakatika, zikiisha unasubiri au rafiki akutumie yake, na mimi sikuwa na rafiki anayecheza matunda, na ningemwomba nani, mimi niliyekuwa nawaita watu wa aina hiyo wachezaji wa mbogamboga? Jina la mama la kwenye gemu nilikuwa nimeliona, nikamtafuta, nikajiandika Kamanda, nikaomba urafiki, akakubali. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananitumia roho na mimi namtumia. Mara ya mwisho nilipoangalia yeye alikuwa levo ya mia nne na kumi na mbili na mimi niko mia tatu sabini na moja, yaani nahodha wa Ukungu ameachwa levo arobaini na moja na mama wa miaka sitini na tatu ambaye goti limemzuia kushuka shambani tangu masika.

Heshima ya mkwe unaijua. Kwa upande wa mke wangu wanaishika kweli kweli, mimi na mama hatukai chumba kimoja, hatuli pamoja, hatutaniani, na kwa miaka minane ya ndoa mazungumzo yetu yote ni haya: nasimama mlangoni nasema, "Shikamoo mama," naye anasema akiangalia pembeni, "Marahaba, hamjambo huko?" nasema, "Hatujambo," basi, nakwenda kunywa chai barazani na shemeji zangu. Sasa mtu huyo huyo ndiye wa kwanza kunikumbuka kila asubuhi.

Na niseme ukweli ambao ndio unaonitesa. Nayapenda matunda kuliko vita. Nikitoka kwenye mazoezi ya Ukungu shingo imekaza, nimemfokea Jafari, Jafari amenuna, tukishinda tunaanza kujadili tulivyokaribia kushindwa, na nyumbani naingia nikiwa bado nabishana kichwani. Kwenye matunda nacheza dakika nne, mteja akija naweka simu chini, nikirudi matunda yako pale pale yananisubiri, hakuna aliyekufa kwa sababu yangu. Nilidhani ni gemu la watoto, kumbe lina akili yake, na kwa mama nimejifunza kwamba ile nyundo ya kuvunjia haitumiwi mwanzoni, maana kila nikiangalia rekodi yake nakuta amevuka na nyundo zake zote anazo. Kumbe kuna watu wana subira.

Wiki iliyopita Kassimu alikuja mezani, akachukua simu yangu akaona. Akaniuliza, "Kaka, haya matunda ya nani?" Nikamjibu, "Simu ya mteja hiyo, najaribu tachi." Akacheka akasema, "Mteja wako yuko levo ya mia tatu na sabini, huyo hana kazi." Nikacheka naye, na nilijisikia vibaya siku nzima.

Mama ni mtu mwema, nisifiche hilo. Mwezi wa tano nilipata homa nikalala siku nne bila kugusa simu, na siku ya nne ikaja pikipiki kutoka Malindi na kiroba cha viazi, malimau na ujumbe kwamba mgonjwa apewe uji wa moto na asiharakishe kurudi kazini. Hawa aliniambia hakumbuki kumpigia, ila huku milimani habari hutembea zenyewe.

Sasa Jumapili iliyopita Hawa alikwenda kumwona, akarudi na maagizo. Mama amemwambia hivi: "Kuna mtu anaitwa Kamanda ananitumia roho kila siku, hajaruka hata moja tangu nianze kuumwa goti ila zile siku chache. Mwambie mume wako, yeye ni fundi, atanisaidia kumjua, nataka nimshukuru." Hawa amenieleza akiwa anakunja nguo, hajui lolote. Nilimjibu nitaangalia, nikatoka nje nikasimama kwenye ukungu kama mtu aliyeibiwa. Leo siku ya tano sijalifungua lile gemu. Nikimwambia mama ni mimi, nimevunja heshima ya miaka minane na familia itasema mkwe anacheza michezo na mama mkwe. Nikidanganya kwamba hajulikani, nimemdanganya mzazi. Nikilifuta kabisa, labda yataisha, na nirudi kwenye Ukungu kwa moyo mmoja kama zamani. Niko tayari kulifuta leo. Nishauri, mama, nifanye lipi?

Fundi, Lushoto.

*

Marahaba, mwanangu. Ulisema nisicheke, nimecheka ulipofika kwa mteja aliyegonga meza, kisha nikaacha, kwa sababu una jambo la kweli mkononi na unakaribia kuliharibu.

Tuanze na jepesi. Umejitetea ukurasa mzima kana kwamba umekutwa na chupa ya gongo. Mwanamke anayepikia harusi pilau la watu mia tatu, akirudi kwake anachemsha viazi anakula na chumvi, na sijasikia mtu akisema kasahau kupika. Ila usinifiche, si kupumzika tu kunakokuvuta. Kwenye vita wewe ni nahodha, ukikosea kuna watu watatu masikioni mwako. Kwenye matunda unashindwa peke yako, kimya kimya, unajaribu tena, na hakuna anayekuhitaji uwe hodari. Wachezaji wakubwa wengi wanakimbilia huko kwa sababu hiyo hiyo na wanajificha kama wewe. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kuwaita wenzako wachezaji wa mbogamboga, kisha ukaona mmoja wao amekuacha levo arobaini na moja. Hilo umelipata kihalali.

Uongo wa Kassimu nao ni wa kitoto. Mtu anakuamini akiingia vitani kwa sauti yako tu, nawe humwamini kwa matunda. Mwambie ni yako. Atakucheka siku mbili. Tanga nenda, maana uliwapa neno lako nao wamefanya mazoezi tangu vuli. Mkirudi, ukiona shingo bado inakaza, mkabidhi Kassimu unahodha kwa mdomo wako mwenyewe, mchana, mbele ya wenzake. Usianze kuchelewa mazoezini mpaka wakufukuze. Na Jafari umwombe radhi kabla ya safari.

Sasa mama yako mkwe. Unauliza umwambie au umfiche. Mwanangu, anajua.

Ungeisoma barua yako kama unavyofungua simu ya mteja, ungeliona. Alikwama levo ya tisini na sita. Simu ikaenda kwa fundi, ikarudi na levo imevukwa. Unafikiri aliamini ni kioo kipya kilichocheza? Muda si mrefu mgeni anaitwa Kamanda anaomba urafiki, na binti yake ameolewa na mtu ambaye Lushoto nzima inamjua kwa gemu la vita. Kisha Kamanda ananyamaza siku nne, na siku ya nne pikipiki inafika mlangoni kwako na malimau. Hawa hakumpigia. Habari hazikutembea zenyewe, wewe ndiye uliyempa habari kwa kutotuma roho. Aliona kimya chako, akahesabu siku, akajua uko kitandani. Mwanamke asiyetumia nyundo mwanzoni hashindwi kuunganisha vitu vitatu vinavyofanana.

Kwa hiyo hajamtuma Hawa kuuliza Kamanda ni nani. Amekushukuru. Hawezi kusimama mbele ya mkwe wake akamwambia asante kwa kunikumbuka kila asubuhi tangu goti lininyime shamba, heshima aliyolelewa nayo haimruhusu, na wewe humruhusu pia. Basi amemshukuru Kamanda mbele ya binti yake, akijua neno litafika mezani kwako. Kafanya kazi nzuri mno, hakuvunja hata kijiti kimoja. Na wewe umejibu nini? Umetoka nje ukasimama kwenye ukungu, na siku tano hujatuma kitu.

Hapo ndipo ninapokukasirikia. Unasema ukilifuta yataisha. Hayataisha. Siku utakapolifuta, yeye hatapoteza mchezaji wa matunda, hao wako wengi. Atakuwa amemshukuru mkwe wake mara moja katika miaka minane, na mkwe akamkimbia. Hatauliza tena. Hatamwambia Hawa. Atakaa na goti lake Malindi akidhani alivuka mpaka, kumbe kosa halikuwa lake. Ndiyo maana nimemwomba mhariri barua yako aitangulize, maana foleni yetu ni wiki mbili na mimi sikutaka mama yule azisubiri zote.

Fanya hivi. Kwanza mwambie Hawa yote leo, kuanzia kioo. Yeye ndiye uliyemkosea, kwa sababu kati yako na mkeo hakuna heshima inayokataza kusema, umemnyamazia tangu mwezi wa tatu kwa woga tu. Akicheka mwache acheke, akikasirika kaa hapo hapo umsikilize. Akishatulia, mpe ujumbe ampelekee mama yake kwa maneno haya haya, asiongeze: fundi ameangalia, Kamanda amepatikana, ni mtu wa watu, amepokea shukrani na anasema homa ilimfundisha nani anamkumbuka. Basi. Usiseme ni mimi. Usipige simu. Usipeleke zawadi ya ghafla. Amekupa njia, ipite hiyo hiyo.

Pili, fungua gemu umtumie roho kabla hujamaliza kukunja gazeti hili. Na kila siku kama zamani, hata ukiwa Tanga, hata mkishindwa.

Tatu, Jumapili nenda Malindi. Simama mlangoni, amkia, jibu kwamba hamjambo, kanywe chai yako barazani na shemeji zako. Gemu usilitaje kwa neno wala kwa tabasamu. Yeye atapita mbele yenu akielekea jikoni, akichechemea, na hatakutazama. Asipokutazama, jua mambo yenu ni mazuri.