Masikio ya Watasema

Shemeji Saidi, mtani wangu,

Baada ya salamu, hali sikuulizi, maana hali ya huko uliko anaijua aliyekuita. Mimi mzima. Dada yangu Fatu uliyemwacha mjane naye anaendelea, juzi kanifokea kwa sauti yake ile ile, basi ujue anapona. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeishia darasa la nne, lakini unajua lilikuwa la nne la zamani. La nne lile ukilipeleka mjini leo wanakupa ofisi.

Nakuletea habari za mbwa wako.

Siku ya kukuzika nilifanya kazi yangu ya utani, kama ambavyo ungenifanyia mimi. Wewe Mngindo, mimi Mmatumbi, halafu ukaniolea dada, sasa ningekaa kimya vipi? Watu wametoka makaburini, wamekaa mkekani wamejiinamia, mimi nikamfunga Watasema kamba shingoni nikasimama katikati ya uwanja. Nikatangaza, "Huyu marehemu alikuwa bahili! Mbwa wake nimemkamata, na simwachii mpaka nipewe jogoo!" Wakacheka, Shemeji. Hata mwalimu wa madrasa alijifuta machozi kwa kanzu, na sijui yalikuwa machozi ya upande gani. Nikasubiri mbwa akombolewe, kama desturi. Jogoo nilishamchagua kwa macho, yule mwekundu.

Fatu akanitazama akasema, "Kaa naye huyo huyo, mtani. Umetupunguzia."

Ndivyo nilivyorudi nyumbani na mbwa. Jogoo hakuna. Na mbwa mwenyewe, wewe mjanja, ulimwacha na mimba.

Sasa hapo ndipo maneno yetu ya zamani yalipofufuka. Unakumbuka tulivyobishana miaka yote kwenye dungu lako la kulindia shamba, mimi nikisema mbwa asiyekatwa masikio ni mbuzi aliyekosea njia. Nilikuhadithia habari za Kamanda wangu, niliyemkata mwenyewe angali mdogo, nikayachoma yale masikio nikamlisha ayale awe mkali, na akawa mkali mpaka chui wa Kipatimu akaja kuomba radhi. Ukauliza taratibu, huku unamenya muhogo, "Na huyo chui, Shemeji, masikio alikuwa nayo?"

 Jibu la swali hilo mpaka leo bado nalitafuta.

Na ukanifundisha neno lako lile: "Mbwa kwa mdomo anapiga kelele tu. Kusema, anasema kwa masikio." Ukanionyesha Watasema amelala chini ya dungu, sikio moja limegeukia bondeni. Ukasema ngedere wako bondeni. Tukashuka, wako bondeni. Mimi nikakwambia nilishawasikia zamani, nilikuwa nakupima tu.

Masika yale nzi walipomwandama Kamanda kwenye vile vipande vya masikio, ulikuja na majani ya mwarobaini uliyoyatwanga, ukampaka. Hukunisimanga hata kidogo. Afadhali ungenisimanga.

Haya. Watasema akazaa. Somoe, binti yako, akaja akachagua mmoja, dume jeusi lenye mguu mweupe. Somoe ndiye anayelima lile shamba lako sasa, mahindi juu, muhogo chini bondeni. Analima kama wewe, ameinama hanyanyuki. Ila tangu tulipokuzika hakulia, Shemeji. Wanawake wakawa wananong'ona. Fatu akaniambia, "Mtoto huyu ameumeza msiba mzima mzima, siku moja utamkaba." Mimi nikamtolea hadithi zangu zote, na ile ya chui nikaiongezea chui wa pili. Akawa ananisikiliza kwa adabu tu.

Siku moja nguruwe wakaingia kwenye muhogo wake, wakalima kuliko trekta. Akanijia amekunja uso.

"Mjomba, wewe fundi. Nikatie huyu masikio. Nataka mbwa wa kutisha."

Nikamwambia baba yako alikuwa hapendi.

"Baba alikuwa mpole, na mbwa wake wapole kama yeye," akasema. "Yeye alikuwa mwanamume, akikohoa tu watu wanajua pana mtu. Mimi niko peke yangu kule. Wananicheka nguruwe, wananicheka na majirani. Nikatie."

Nikuambie kweli? Nilifurahi. Nilisema moyoni, leo nimemshinda Saidi, binti yake mwenyewe amekuja upande wangu! Nikawatangazia watu kwenye kahawa kwamba mkono huu umekata mbwa kutoka Likawage mpaka Pande, na hakuna aliyewahi kulia, wengine walisinzia. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani ushindi ule ukawa hauna chumvi. Kumshinda mtu asiyejibu, ndiyo nini?

Siku ikafika, baada ya alasiri. Nikaandaa wembe mpya, majivu ya kuzuia damu, na jiko la mkaa la kuchomea vile vipande. Somoe akakaa kwenye kigoda, mtoto wa mbwa kamzungushia gunia mapajani, kichwa tu nje. Kwenye gunia lile alikuwa anatetemeka, na masikio yake laini kama majani ya kunde asubuhi. Mama yake Watasema tulimfunga kwenye mkorosho pale pembeni, amelala, kidevu juu ya miguu. Mimi mdomo unakwenda, naeleza sikio linakatwa mshazari, si mraba, kukata mraba ni ushamba.

Mara Watasema akanyanyua masikio.

Yote mawili, Shemeji. Yakasimama, yakageuka kwenye njia ya kisimani. Sisi hatujasikia kitu. Halafu akasimama mwenyewe, kamba imekaza, mkia unampiga mbavuni huku na huku, analia ile sauti nyembamba ambayo mbwa hulia akifurahi mpaka anaumia. Ndipo nasi tukasikia kwa mbali. Taka-taka, taka-taka. Bamba la tairi la nyuma la baiskeli yako, lile ulilolifunga kwa waya ukaapa utalitengeneza kesho.

Baiskeli tumemwazima jirani anachotea maji. Akatokeza na madumu yake, akatusalimu, akapita.

Watasema akamtazama mpaka akapotea. Kisha yale masikio yakashuka. Likaanza moja. La pili likabaki limesimama kidogo, kama linasema labda, labda. Halafu nalo likashuka. Akalala chini.

Somoe akasema polepole, "Mjomba, bado anamsubiri baba."

Kisha akalia. Alilia kile kilio walichokingoja wanawake wote, kainamia gunia, na mtoto wa mbwa akawa anamramba kidevu, na mambo ya udhu siku ile hakuna aliyeyakumbuka. Fatu akatoka ndani mbio, akamkuta, akakaa naye chini mchangani. Akanitazama mimi na wembe wangu.

Nikasema, "Wembe umeingia kutu. Huu haukati hata nyanya."

Wembe nilikuwa nimeutoa kwenye karatasi yake mbele yao, Shemeji, unang'aa kama sarafu. Hakuna aliyebisha. Fatu akasema, "Kweli kaka, nyembe za siku hizi mbovu." Somoe akafungua gunia.

Kwenye jiko lile tukachoma mahindi.

Basi mtoto yule yuko shambani na masikio yake mazima. Ni makubwa, moja linasimama na moja limekunjika, ukimtazama kwa mbele anafanana na mtu anayekuuliza swali. Somoe amempa jina Mtajiju. Watu wakiniuliza mbona fundi hukukata, nawaambia huyu nimemkata kwa ndani, ni ujuzi mpya, hauonekani kwa macho. Wengine wameshaniomba niwakatie wao.

Nguruwe hawajaisha, sitakudanganya kwa hilo. Pembeni kule wanadokoa. Lakini Somoe anakaa dunguni kwako, anatazama sikio lile lililosimama, na likigeuka anapiga debe upande ule ule. Analenga vizuri. Majirani wamepunguza kucheka, wameanza kuuliza mtoto wa Mtajiju watampata lini.

Jambo moja sijamwambia mtu, na wewe unanijua, mimi jambo halilali kwangu. Juzi nilitoka kwenye kahawa, natembea zangu nakohoa. Kabla sijafika uwanjani nikamwona Watasema chini ya mkorosho. Masikio yamesimama, yote mawili, yameelekea kwangu. Sikuwa na baiskeli. Nilikuwa mimi tu na kikohozi changu. Na niliposogea hayakushuka.

Nikakaa naye chini ya mkorosho, Shemeji, mpaka kiza kikaingia. 

Lala salama, mtani wangu. Nakuahidi, wembe wangu hautagusa sikio la kizazi cha mbwa huyu, na lile bamba la baiskeli sitamruhusu mtu yeyote alikaze. Liache ligonge. Na jogoo mwekundu bado nadai.

Ni mimi shemeji yako,
Abdala